Nahamia Bukoba kutoka Dar, IST yangu niipakie kwenye lori au iendeshwe tu? Naombeni ushauri

MamaWawili
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Naomba mnisaidie mawazo maana hili jambo linaninyima usingizi. Mume wangu kahamishiwa Bukoba kikazi, ameshatangulia, mimi na watoto tunamfuata shule zikifungwa. Mkubwa ana miaka minne, mdogo ndo kwanza ana mwaka na nusu. Vyombo havinipi shida sana kwa sababu uhamisho ni wa mwajiri na kusafirisha mizigo wanalipa wao, shida ni gari. Tuna IST ya zamani ile, injini ya 1500, tumeitunza vizuri na kadi ipo kwa jina langu. Sasa kuna anayeniambia pakia kwenye lori, kuna anayeniambia tafuta dereva akuletee, na shemeji yangu anasema uza tu ukanunue nyingine huko. Mimi mwenyewe naendesha ila ni mjini tu, mbali kabisa nimeishia Morogoro. Kwa waliowahi kuhamisha gari umbali kama huu, mlifanyaje? Na usalama wake upoje? Sina hela ya kupoteza jamani.

kibajaji_95
Uza. Usijitese.

Mwana Kamachumu
Dada karibu sana Kagera. Usiuze hilo gari. IST uliyoitunza mwenyewe unajua kila kinachogonga na lini umebadilisha oili, ukinunua jingine huku unanunua matatizo ya mtu mwingine, halafu magari mengi yanayouzwa huku yametoka hukohuko Dar, kwa hiyo unamlipa mwenzako gharama ya kulileta na faida juu. Spea za IST huku zipo, mafundi wanaijua, milima yetu inapanda bila shida ila tairi ziwe na meno maana mvua ya huku haina mzaha, mwezi wa tatu mpaka wa tano na tena kuanzia wa tisa kwenda mwisho wa mwaka.

DerevaMasafa
Mama Wawili, mimi nimeendesha lori barabara hiyo miaka mingi kwa hiyo nitaongea ninachokijua.

Kwanza umbali. Dar Bukoba kwa njia ya Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo ni kilomita 1,400 na kitu. Lami tupu mwanzo mwisho, sio kama zamani. Kwa hiyo ukisikia mtu anakutisha kwamba gari dogo halifiki muulize amepita lini mara ya mwisho.

Pili lori. Elewa biashara yenyewe inavyoenda ndo utajua kupatana bei. Malori yanatoka Dar yameshiba mzigo kwenda bara, na yakirudi mengi yanarudi matupu au nusu. Wewe unaenda upande ambao nafasi inagombaniwa, kwa hiyo bei haitakuwa ya huruma. Mtu anayetoa gari Bukoba kuleta Dar anapata nafuu kuliko wewe. Na lori sio kwamba linaondoka leo kesho limefika, lazima liingie mizani, Vigwaza, Mikese, Nala, Njuki, na nyingine huko mbele, kukiwa na foleni ama uzito umezidi kwenye ekseli mnalala hapo. Gari dogo halihusiki na mizani, mizani ni kwa magari ya kuanzia tani tatu na nusu.

Tatu, jinsi ya kulipandisha. Yale malori maalumu ya kubebea magari huyakuti kirahisi kwa njia hiyo kwa gari moja la mtu binafsi, mara nyingi utapewa semi ya kawaida au Fuso, na gari litapandishwa kwenye tuta la udongo au kwa mbao. Hapo ndo bampa zinapovunjika. Kama utaenda na lori, simama mwenyewe uone linavyopandishwa, na lifungwe kwa mikanda kwenye tairi, sio kamba kwenye boljointi au shokapu, maana lori likiingia kwenye matuta huko njiani gari linaruka na kuvuta pale lilipofungwa.

Fundi Tabata
Hapo kwenye kufunga umenena mkuu. Nimeletewa gari gerejini lililosafirishwa likiwa limefungwa kwenye kontrolo ami, vile vyuma vinavyoshika tairi la mbele, mwenye nayo anashangaa usukani unavuta kushoto wakati lilipakiwa likiwa zima.

anko_Mbezi
Kwani si unaweza kuliweka kwenye Fuso moja na vyombo mwajiri akalipa kote? Mbona rahisi

Fundi Tabata
Anko piga hesabu kwanza. IST ina urefu wa karibu mita 3.9. Bodi ya Fuso la kawaida ni mita sita na kitu, inabaki kama mita mbili na ushee. Kitanda, friji, kabati, makochi, jiko, na vitu vya watoto, havikai hapo labda uvipandishe juu ya paa la gari, na hilo asilikubali hata kwa dawa. Kontena la futi 20 ndo hivyohivyo, ndani ni mita 5.9 kwa urefu na upana 2.35. Kwa mtu mwenye chumba na sebule inawezekana, kwa familia ya nyumba nzima hapana. Halafu stahili ya mtumishi ni mizigo ya nyumbani kwa uzito uliowekwa, aende kwa afisa utumishi aulize kwa maandishi kabla hajapanga hela ya mtu.

Na jambo la kusisitiza kabisa, usijaze vitu ndani ya gari linalobebwa. Watu wanaona nafasi wanaweka magunia na tivii. Springi zinakaa chini muda wote, vioo vinapasuka, na gari lenye vitu ndani linavutia mkono wa mtu kila lori likisimama.

MamaWawili
Asanteni jamani, mmenifungua macho. Mume wangu kaniambia lori hapana, anaogopa hayo hayo ya kupandisha. Sasa kuna kijana kaletwa na jirani, anasema yeye anapeleka gari za IT, zile zinazopita tu hapa kwenda nje, kila wiki Zambia na Congo, nimpe mafuta na posho atalifikisha kwa siku moja na nusu. Mnaonaje?

DerevaMasafa
Siku moja na nusu. Dada hapo mimi nasimama kabisa. Mtu mmoja, kilomita 1,400, siku moja na nusu maana yake halali. Sisemi madereva wa IT wote ni wabaya, kuna vijana makini sana nawaheshimu, ila wengi wamezoea kulipwa kwa kufika, sio kwa gari kufika likiwa zima. Na abiria atabeba njiani, hilo lijue mapema. Akipata ajali na watu ndani wewe mwenye kadi ndo utaanza kuitwa.

Bima na Haki
Niongezee hapo kwa upande wa bima maana watu wengi hawaulizi mpaka limetokea. Dada, bima yako ni ndogo au kubwa? Kama ni ndogo, ile ya mtu wa tatu, gari lako likiharibika hulipwi hata senti, inamlipa uliyemgonga. Kama ni kubwa, soma kwenye mkataba ni nani anaruhusiwa kuendesha, zingine zina masharti ya umri na uzoefu wa dereva, na gari la binafsi likibeba abiria wa kulipa bima inaweza kukukataa kabisa. Kama lingeenda juu ya lori ungehitaji bima ya mzigo uliopo safarini, na usikubali neno la mdomo kwamba "lori lina bima", lori lina bima yake lenyewe. Hakiki stika yako ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kabla ya kuondoka, namba ya gari tu inatosha.

Na yeyote utakayempa gari, hata awe ndugu, mwandikie barua ya kumruhusu yenye namba ya gari, namba ya chesisi, jina lake, namba ya leseni, tarehe na njia anayopita. Kadi halisi baki nayo, mpe kopi. Piga picha gari pande zote, kilomita kwenye dashibodi, betri, tairi la spea, jeki, redio, wote wawili muwe mnaona. Angalia pia kama gari lina deni la faini kwenye TMS ya polisi na deni la maegesho la TARURA, ulimalize Dar. Ukikamatwa nalo Singida huko utapoteza muda wa bure na watoto wamechoka.

kibajaji_95
Nafuta niliyosema ya kuuza, huu uzi una madini. Swali kwa wakuu, mafuta yanaweza kula kiasi gani?

Fundi Tabata
IST nzima safari ndefu inaenda kilomita 14 kwa lita bila tabu, ukiendesha kistaarabu inazidi hapo. 1,400 gawa kwa 14 ni lita 100, weka na kumi za akiba. Bei zidisha mwenyewe, EWURA wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na inaonyesha mji kwa mji. Utaona kadri unavyoiacha Dar inapanda, Kagera wako juu, kwa hiyo jaza Dar, jaza Dodoma, jaza Kahama. Tanki la IST ni dogo, usisubiri taa iwake ukiwa porini.

Ukilinganisha lita 110 na bei utakayotajiwa ya lori majibu utayaona mwenyewe.

Kabla ya kuondoka, wiki mbili kabla na sio jana yake, badilisha oili na chujio, angalia oili ya giaboksi, koolanti na hozi za rejeta, fani belti, breki pedi, bushi za mbele, pima alaimenti, na tarehe ya tairi. Tairi ina tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka, iliyokaa sana hata kama ina meno inapasuka kwenye jua la Singida. Nasema wiki mbili kwa sababu ukifanya sevisi jana yake na fundi akaacha nati legevu utaligundua hilo Gairo. Ukifanya mapema unalitembeza mjini, kinachovuja unakiona.

MamaWawili
Nimeandika yote kwenye daftari, Mungu awabariki. Nina mdogo wangu wa kiume ana leseni na anaendesha gari la ofisi mikoani, amekubali. Ila mama yangu anasema watoto hawawezi kukaa garini siku zote hizo, na mimi nawaza huyu mdogo anatapika safarini hata tukienda Kibaha.

Mwana Kamachumu
Mama yako yuko sahihi na suluhisho lipo. Wewe na watoto pandeni treni ya SGR mpaka Dodoma, ni masaa matatu na nusu manne hivi, watoto wanacheza, choo kipo. Mdogo wako atoke Dar alfajiri na gari likiwa jepesi, mkutane Dodoma mlale. Hapo umewapunguzia kilomita 450 na ile foleni ya Kibaha mpaka Chalinze, ambayo ndo inachosha kuliko njia yote.

Siku ya pili Dodoma, Manyoni, Singida, Nzega, Kahama. Hiyo ndo siku ndefu, ondokeni asubuhi sana. Mkila Singida mchana mnashuka mlima Sekenke kukiwa bado kweupe. Mlale Kahama, mji umechangamka, kulala kupo kwa bei zote. Siku ya tatu mnakuja nyumbani taratibu.

DerevaMasafa
Mpango mzuri huo. Sekenke ashuke na gia ndogo, asikanyage breki muda wote, malori mengi pale na breki zikipata moto hazishiki. Mwambie pia spidi 50 kwenye vijiji ni 50 kweli, trafiki wana tochi za kupima spidi, na faini ni 30,000 kwa kosa. Triengo mbili, mtungi wa kuzimia moto na spea yenye upepo viwepo.

Bi Siti wa Temeke
Mwanangu, mtoto anayetapika usimpe maziwa asubuhi ya safari, mpe chai kavu na kipande cha mkate, na asikae nyuma upande wa jua. Beba maji ya nyumbani na ndoo ndogo yenye mfuniko. Na simameni kila baada ya masaa mawili, watoto washuke wakimbie hata dakika kumi. Siku tatu sio nyingi, mtafika salama inshallah.

anko_Mbezi
Mbona hakuna aliyetaja kupitia Mwanza? Daraja la Kigongo Busisi si limefunguliwa mwaka 2025, kivuko hakuna tena

DerevaMasafa
Ni njia nzuri, unatoka Tinde, Shinyanga, unakata Usagara, unavuka daraja, Sengerema, Geita. Kama ana ndugu Mwanza wa kulala kwake aende huko, ni ndefu zaidi kidogo ila ina miji ya kutosha njiani. Kama hana, apite Kahama.

MamaWawili
Mwanza sina mtu. Tunapita Kahama. Mume wangu amesoma uzi wote usiku, kesho anaenda kwa afisa utumishi kuuliza ya mizigo, mimi naenda kuhakiki bima na TMS, na gari linaingia gereji Jumamosi. Yule kijana nimemwambia hapana. Swali la mwisho, baada ya Kahama alama zipo? Mdogo wangu hajawahi kufika huko kabisa.

Mwana Kamachumu
Zipo. Mkitoka Kahama mnafuata Ushirombo mpaka Nyakanazi, hapo msikate kushoto, hiyo ni ya Kibondo na Kigoma. Endeleeni mpaka Lusahunga, malori ya Rwanda mtayaona yanaelekea Rusumo, nyie mnakata kulia kwenda Biharamulo. Lile pori la Biharamulo zamani mabasi yalikuwa yanasindikizwa na polisi, siku hizi watu wanapita bila shida ila mpite mchana, na mjaze mafuta kabla. Biharamulo mpaka Muleba, Muleba mpaka Bukoba. Mkifika Muleba niandikie humu, nina dada yangu pale barabarani anauza ndizi na samaki, watoto wale chakula cha moto kabla hamjamalizia.