Tupeane uzoefu: ulikata tamaa dakika ya ngapi siku Go Ahead Eagles wa Deventer walipobeba Kombe la KNVB, kombe la mtoano la Uholanzi?

Mkazi wa Deventer
Habari za jioni wadau. Leo nimetoa makoti ya baridi kabatini, skafu nyekundu na njano ikanidondokea miguuni, nikajikuta nimekaa chini. Nimekumbuka Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025, pale De Kuip, Rotterdam, fainali ya Go Ahead Eagles na AZ ya Alkmaar. Nilikuwa ndani ya uwanja na bao la kusawazisha la Mats Deijl wetu sikuliona.

Ilikuwa hivi. Troy Parrott wa AZ alitufunga kipindi cha pili. Tukasukuma, tukasukuma, mpira haukubali. Dakika 90 zikaisha, nikamwambia mwenzangu tuwahi basi kabla watu hawajajaa. Akakataa. Nikashuka ngazi peke yangu. Nimefika katikati, mkono kwenye chuma cha ngazi, nikasikia uwanja umelipuka kwa kelele, halafu ukanyamaza. Watu wote wale, kimya. Hapo hapo nikajua ni penalti. Nikapanda mbio, mlangoni nikakuta ukuta wa migongo, sioni hata nyasi. Kisha zege likaanza kutetemeka chini ya viatu vyangu. 1-1, dakika ya 90+9.

Nimelowa mvua miaka tisa pale Adelaarshorst, uwanja wetu wa nyumbani, na siku yenyewe ilipofika nikaupa uwanja mgongo. Nani mwingine yalimkuta? Semeni.

Mwisho wa Reli
Dakika ya 90. Nililala kabisa.

Fundi Baiskeli
Mimi sikukata tamaa hata mara moja. Waliomtoa PSV 2-1 kwake Eindhoven kwenye nusu fainali hawawezi kufa kwa bao moja.

Mwisho wa Reli
Fundi, wewe hukuwa na mkeka.

Wacha niseme vizuri. Nipo Kigoma. Niliweka timu sita, dau la shilingi 2,000, tano zimeshatiki. Imebaki AZ ashinde tu. Mechi haionyeshwi popote hapa kwetu, nafuatilia kwenye simu, naona namba 1-0 na dakika zinavyopanda. Ikafika 90. Nikamwandikia mdogo wangu kwamba kesho nakutumia hela ya daftari na viatu vya shule, nikaweka simu kwenye chaji, nikalala usingizi mtamu. Asubuhi naamka nakuta 1-1. Nikadhani simu imegoma. Nikaizima nikaiwasha. 1-1. Mdogo wangu naye kajibu, "Asante kaka, Mungu akubariki." Ujumbe huo ndio ulioniumiza kuliko hela.

Kocha Mstaafu
Pole mdogo wangu. Ila kombe la mtoano usiweke matokeo ya dakika 90, weka nani anabeba.

Fundi Baiskeli
Kocha, angeweka AZ anabeba si angechanika vilevile? Walitolewa kwa penalti 4-2.

Sauti ya Mnadani
Achana na mikeka kabisa, nunua mbuzi.

Mwisho wa Reli
Nilishaacha. Viatu nilivinunua mwezi wa sita.

Jini la Alkmaar
Na sisi wa upande wa pili tuseme. Nafanya kazi Alkmaar mwaka wa kumi na mbili. Mnajua AZ amefika fainali ngapi tangu abebe 2013? 2017 Vitesse akatupiga 2-0. 2018 Feyenoord 3-0, tena hapo hapo De Kuip, nyumbani kwake. Nikasema hii ya tatu ni yetu. Tunaongoza, muda umekwisha, kilichobaki ni filimbi. Ninyi mnalilia bao msiloliona. Mimi nililiona, na kila nikifumba macho naliona tena.

Mkazi wa Deventer
Pole sana ndugu yangu, hilo sikuwahi kulifikiria.

Sauti ya Mnadani
Jamani, uzi mzima kwa ajili ya kombe la mbuzi? Ajax na Feyenoord hawakuwepo hata fainali.

Fundi Baiskeli
Kombe la mbuzi ndilo lililowapeleka Europa League, na Oktoba 2025 wakamfunga Aston Villa 2-1 pale Deventer. Bao la ushindi alifunga nani? Deijl huyo huyo. Klabu haikuwa imeshika taji kubwa tangu ubingwa wa ligi wa 1933. Miaka 92! Ukidharau, dharau baada ya kusoma.

Sauti ya Mnadani
Sawa mkuu, punguza jazba.

Binti Pangani
Sikuwa na nia ya kuandika ila hiyo 1933 imenigusa.

Ninahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Deventer. Siku ile nilikuwa zamu ya jioni. Tangu asubuhi kila chaneli ilikuwa inatangaza kifo cha Papa Fransisko, nyumba nzima imepoa. Kuna babu mmoja ana miaka 84. Baba yake aliwaona mabingwa wa 1933 na alimsimulia mpaka anaingia kaburini. Fainali ya 1965 walikwenda pamoja, Feyenoord wakashinda 1-0. Babu alikuwa hajaona Go Ahead ikishika chochote maisha yake yote.

Nampelekea dawa, nakuta kahawa imepoa haijaguswa, mikono inatetemeka, jasho. Presha nikaipima, haikunipendeza. Televisheni inaonyesha dakika ya 94. Nikachukua rimoti, nikazima. Nilimwambia, babu inatosha, imeshaisha. Hakunijibu. Alitazama kioo cheusi kama mtu aliyefungiwa mlango.

Nikaanza kumvua soksi. Soksi ya kwanza imetoka, ya pili iko kisiginoni, mtaa ukapiga yowe. Madirisha yote ya ng'ambo. Babu alinishika bega kwa nguvu ambayo sikujua anayo: "Washa! Washa!" Nilipowasha, wachezaji walikuwa wamelaliana kwenye kona.

Miaka sitini mtu anangoja, nikamzimia mimi.

Mwisho wa Reli
Dada, nimesahau mkeka wangu.

Jini la Alkmaar
Endelea dada. Penalti aliangalia?

Binti Pangani
Aliangalia. Nusu saa ya ziada nilikaa sakafuni karibu na kiti chake, kazi nyingine wenzangu walinishikia. Penalti zote alinishika vidole viwili, akivibana kila mpigaji anapoanza kukimbia. Ilipoisha hakupiga kelele. Alisema jina la baba yake mara mbili, kisha akaomba kahawa ya moto. Mguu mmoja una soksi, mwingine peku.

Kocha Mstaafu
Kiafya ulifanya sahihi. Mwenye presha asiangalie penalti.

Fundi Baiskeli
Hapana, kocha. Angoje miaka sitini halafu afe bila kujua?

Mkazi wa Deventer
Binti Pangani, hiyo kelele ya mtaani ndiyo niliyoisikia mimi ngazini. Tulikuwa wawili. Alikusamehe? Na bado yupo?

Binti Pangani
Yupo. Siku ya Aston Villa aliikalia rimoti tangu chakula cha mchana.