Mjadala: Darasa la pili wajifunze historia kwa udongo na pamba, au kwa hadithi na tarehe?

Mtoa mada:
Wakuu, naleta hili hapa kwa sababu kwenye kikao cha walimu tumelumbana mpaka kengele ikatutenganisha.

Nafundisha watoto wa miaka saba na minane. Mada ilikuwa mwanzo wa maandishi. Sikuanza na tarehe. Nilimpa kila mtoto donge la udongo wa mfinyanzi na kijiti cha tete kilichokatwa ncha ya mraba, nikawaambia wachore kichwa cha ng'ombe. Wakachora kama wanavyochora kwenye daftari. Kila aliyejaribu kupinda mstari, udongo ulifuata kijiti ukajikunja pembeni kama maganda ya penseli inayochongwa. Malalamiko yakaanza: "Mwalimu, changu kinaharibika!" Mtoto mmoja akaacha kuburuta, akaanza kubonyeza. Chap, chap, chap. Alama zikatoka safi, kichwa kipana, mkia mwembamba. Jirani yake akachungulia, akaiga, na haikuchukua muda nusu ya darasa walikuwa wanabonyeza.

Hapo ndipo nilipotoa picha ya kibao cha udongo cha Wasumeri, watu wa kale wa Mesopotamia, yaani Iraq ya leo. Waandishi wao walianza na michoro zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, katika miji kama Uruk, wakihesabu nafaka na mifugo. Baada ya karne kadhaa michoro ile ikawa alama za kubonyezwa, haya tunayoyaita maandishi ya kikabari. Mtoto wa dawati la nyuma akapaza sauti: "Kumbe na wao udongo uliwasumbua!" Sijawahi kuisikia sentensi kama hiyo nikifundisha kwa chaki.

Mwenzangu kikaoni anasema nimepoteza kipindi kizima kwa mchezo, na mtihani utauliza nani, wapi, lini. Msimamo wangu: kwa umri huu mikono itangulie, maneno yafuate. Ila nina sharti. Mikono ikutane na kikwazo kilekile walichokutana nacho watu wa kale. Kupaka rangi piramidi ya boksi ni sanaa, tusiiite historia. Karibuni, na msinionee huruma.

Mzazi wa wawili:
Piramidi ya boksi naijua vizuri, niliijenga mimi usiku. Asubuhi nikamuuliza mwanangu, haya, piramidi ni ya nini? Akanijibu, "Ya Ijumaa."

Mwalimu wa la tatu:
Mtoa mada, nakupinga kwa heshima. Mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Willingham, ametoa mfano ambao kila mwalimu anapaswa kuukumbuka. Mwalimu mmoja alitaka wanafunzi waelewe safari za siri za watumwa waliotoroka kule Marekani, akawapikisha biskuti, kwa kuwa ndicho chakula walichokula watoro wale. Willingham alimwambia kwamba watoto wamewaza uhusiano wa biskuti na watoro kwa labda sekunde arobaini, na dakika arobaini zote wamewaza kupima unga. Mtu hukumbuka alichokiwaza. Hoja imeishia hapo.

Halafu mwaka 2006 watafiti wa elimu Kirschner, Sweller na Clark walitoa makala iliyowasha moto hadi leo: mgeni wa somo akiachwa agundue mwenyewe bila kuongozwa, hujifunza kidogo kuliko anayefundishwa waziwazi, kwa sababu akili yake inaelemewa na kutafuta. Tazama darasa lako mwenyewe. Aliyegundua ni mmoja. Wengine umesema kwa kinywa chako: wameiga.

Msoma historia:
Wote mnapita karibu na mfano bora kuliko huo wa biskuti. Mwaka 1896 John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alianzisha shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago. Watoto wale walipewa pamba ikiwa bado kwenye tumba lake na sufu kama ilivyonyolewa, wakaambiwa watoe nyuzi. Kundi moja lilichambua pamba kwa nusu saa nzima, likapata chini ya aunsi moja, yaani haifiki hata gramu 28! Sufu haikuwapa taabu hiyo, na nyuzi zake zina magamba yanayoshikana zikisokotwa. Watoto wakafikia jibu wenyewe: ndiyo maana kazi ya pamba ilichelewa kukua kuliko ya sufu. Hapo hakuna unga wa kupima. Kikwazo chenyewe ndilo somo. Sharti la mtoa mada limetimia.

Lakini subirini kidogo. Jibu hilo linafaa historia ya Ulaya tu. Mohenjo-daro, mji wa kale kwenye bonde la mto Indus, Pakistan ya leo, wamefukua mabaki ya kitambaa cha pamba chenye zaidi ya miaka 4,000. Watu wale walikuwa na mbegu zilezile na vidole hivihivi, na walisokota. Kwa hiyo mikono ya watoto wa Chicago ilisema kweli kuhusu ugumu wa kazi, ikasema uongo kuhusu historia ya dunia. Ugumu haukuambii nani aliuvumilia na kwa nini. Hilo halitoki kwenye tumba la pamba hata ulichambue mwaka mzima.

Mtoa mada:
Hili la Indus limenikamata koo. Nakubali: mikono inaleta swali, jibu halimo mikononi. Mtoto achambue, alalamike, akisie, kisha aonyeshwe kipande cha kitambaa cha kale kinachovunja makisio yake. Huo mshtuko wa pili ndio niliokuwa siuoni.

Mwalimu wa la tatu:
Kumbe tunarudi kwenye hadithi na ushahidi wa mwalimu, nilipokuwa tangu mwanzo. 😄

Mtoa mada:
Tunarudi, ila yule mtoto sasa ana sababu ya kusikiliza. Hiyo siwezi kuidai kwa tarehe.

Mchangiaji mwingine:
Mimi nina hofu tofauti. Pamba hamuwezi kuimaliza bila kufika kwa Mmarekani Eli Whitney na mashine yake ya kutoa mbegu, aliyopewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1794. Mashine ilirahisisha kuchambua, kuchuma kukabaki kwa mikono, na mashamba yakapanuka. Watumwa Marekani walikuwa takriban 700,000 mwaka 1790. Ilipofika 1860 wanakaribia milioni nne. Sasa mwalimu mwenye hamasa ya vitendo atafanya nini hapo? Wako wanaowapanga watoto wawe "watumwa" na "mabwana".

Jane Elliott, mwalimu wa darasa la tatu kwenye mji mdogo wa Riceville, jimbo la Iowa, Marekani, aliligawa darasa lake kwa rangi ya macho, kundi moja likiambiwa ni bora kuliko jingine, mwezi Aprili 1968, mara tu baada ya Martin Luther King, mpigania haki za weusi, kuuawa. Watoto waliokuwa marafiki walianza kunyanyasana kabla siku haijaisha. Wapo wanaomsifu mpaka leo, wapo wanaosema hakuwa na ruhusa ya kuwaumiza watoto wa watu. Mimi niko na hawa wa pili. Na hata ukimtetea, kilichoigizwa pale ni ubaguzi wa siku moja, jioni unarudi nyumbani. Mtoto akishaigiza utumwa kwa nusu saa atadhani ameujua. Afadhali asijue kabisa kuliko hivyo.

Mbegu azitoe, sawa. Minyororo ya karatasi, hapana.

Mzazi wa wawili:
Hapo kwenye minyororo mimi na wewe damdam.

Msoma historia:
Naongeza: mpaka uwe baina ya kushika kitu na kujifanya mtu. Kitu cha kale, au kinachofanana nacho, kinakubali kujaribiwa, na mtoto akikosea anakiona kikiharibika. Uchungu wa mtu hauna cha kupimia.

Mtoa mada:
Mpaka huo nauchukua. Kipindi kijacho tunarudi kwenye udongo. Dawati la kwanza litaandika kondoo wangapi wanadaiwa na nani, dawati la pili litasoma bila kuambiwa kitu, tuone deni litafika likiwa zima au limepungua kondoo njiani. Na kwa ajili ya Mwalimu wa la tatu: yule aliyebonyeza wa kwanza nitampa kazi ya kugawa udongo, asishike kijiti mpaka wengine wakwame wenyewe.