Tupeane uzoefu: nyumba za BnB zimefanya nini kwa kodi ya nyumba mtaani kwako?

Wadau, hamjambo. Hapa Nairobi, mazungumzo ya kudhibiti BnB, yaani nyumba zinazokodishwa wageni kwa siku, huishia kwenye usalama. Wanawake walipouawa katika nyumba za kukodi kwa siku, Januari 2024, Mamlaka ya Kudhibiti Utalii iliagiza zote zisajiliwe. Naunga mkono kabisa. Lakini sisi wapangaji wa kudumu tunaishi wapi?

Naanza mimi, Kilimani. Mwenye nyumba alinipa notisi akisema anataka kukarabati. Muda si mrefu nikaiona sebule yangu mtandaoni, bei kwa usiku. Jirani aliniambia mlangoni pameshaning'inizwa kile kisanduku cha funguo chenye namba za siri. Nyumba ya ukubwa ule ule hapo jirani sikuimudu tena. Sasa niko Kasarani, na watoto wamebadilishwa shule.

Mpangaji wa Kileleshwa: Pole sana dada. Kwetu kodi haijapanda sana, ila maji! Wikendi wageni wanajaa, tangi linakauka Jumapili asubuhi, na ada ya huduma tunalipa sawasawa na wenye BnB.

Mama Wawili, Roysambu: Mimi ndiye mwenye BnB, na naomba mnisikilize. Sina jengo. Nimepanga nyumba kwa mwezi, nikanunua kochi, televisheni na mashuka, nakodisha kwa siku, mwenye nyumba akiwa na habari. Karo inatoka hapo. Alipoona wageni hawakatiki, aliniongeza kodi, kisha akawaongeza na majirani wasio na mgeni hata mmoja, eti hiyo ndiyo bei ya soko. Mkinifungia mimi, yeye atawarudishia kodi ya zamani?

Niko Ughaibuni: Mama Wawili, swali lako nimeliona likijibiwa New York. Tangu Septemba 2023, anayekodisha kwa chini ya siku 30 lazima asajiliwe, awepo nyumbani mgeni akiwepo, na wageni wasizidi wawili. Matangazo ya nyumba hizo yalipungua mno. Kodi haikushuka, hoteli ndizo zilizopandisha bei. Mji wenye upungufu mkubwa hivyo wa nyumba hauponi kwa sheria moja.

Mzee wa Kamati, Westlands: Sisi hatukungoja serikali. Wenye nyumba tulikaa, tukakubaliana BnB zibaki ghorofa za chini, mgeni aandikishwe getini kwa kitambulisho, na mwenye BnB achangie zaidi maji na lifti. Wawili walikasirika wakauza. Waliobaki wanalipa.

Mwanzisha mada: Asante Mzee, na Mama Wawili pia; sitaki ufungiwe. Ninachodai ni usajili utumike kuhesabu: Kilimani ziko ngapi, Roysambu ngapi, na hesabu iwekwe hadharani mtaa kwa mtaa. Barcelona inajua ina leseni 10,101 za nyumba za watalii, ndiyo maana imeweza kutangaza kwamba hazitahuishwa, ziishe ifikapo Novemba 2028. Iwe ni kukataza, kuweka kiwango kwa kila jengo au kuacha, kwanza tujue zimechukua nyumba ngapi.

Wa South B, bado sijawasikia. Andikeni kodi ilikuwa shilingi ngapi BnB zilipoingia, na leo mnalipa ngapi.