Nimewafunza watatu, mmoja sasa ndie ananigaia kazi. Nipokee cheo cha huduma kwa wateja au nishikilie programu?

Programa_wa_Wete (mwenye uzi)

Asalaam alaykum ndugu zangu. Maelezo yangu marefu kidogo nistahmilieni, nimeyaandika na kuyafuta mara tatu.

Mie mtoto wa Wete, miaka 29, nimesoma kompyuta pale chuo kikuu cha SUZA, na huu mwaka wa nne niko kampuni moja ya teknolojia hapa Unguja, tunatengeneza mifumo ya kubuki vyumba vya hoteli. Jina la kampuni silitaji. Tuko watu 14, wanawake wawili tu, mie na dada wa uhasibu. Upande wa kuandika programu mwanamke ni mie peke yangu.

Kazi naipenda, hilo nalitanguliza. Disemba ya mwaka juzi, msimu umepamba moto, hoteli moja ya Nungwi ikawa inapata wageni wawili chumba kimoja, meneja anapiga simu anakaribia kulia. Wenzangu wakasema ni makosa ya watu wa mapokezi. Mie sikuridhika, nikakaa nayo nyumbani Bububu mpaka saa nane usiku ndipo nikaona: seva inahesabu saa za Greenwich na sie tuko mbele masaa matatu, kwa hivyo mtu akibuki hapa kwetu baina ya saa sita na saa tisa usiku mfumo unamuandikia tarehe ya jana. Nikairekebisha, kisha nikapitia buking za mwezi mzima moja moja kwa mkono ili asije mgeni mwengine akakosa pa kulala. Asubuhi bosi kasema timu imefanya kazi nzuri. Siku ya pili mwenye hoteli kawaalika chakula cha usiku kuwashukuru, na mie nimeziona picha kwenye grupu la WhatsApp kama watu wengine.

Hilo nililimeza. Linaloniuma zaidi ni la kila siku. Wakija vijana wapya wanaletwa kwangu niwafunze. Nimewafunza watatu, mmoja kaja hajui hata kurudisha toleo la nyuma la programu akiharibu, na mwaka jana kafanywa tim lida, sasa ndie anaenigaia kazi. Sina chuki nae, kijana ana adabu zake. Muhtasari wa vikao naandika mie, mteja akikasirika napewa simu mie kwa sababu "wewe unajua kuzungumza na watu", mgeni akija chai naulizwa mie imefikia wapi.

Na maamuzi hayafanyiki kikaoni. Mitingi inaanza saa kumi na nusu, haimaliziki, adhana ya Magharibi ikiingia wanaume wanakwenda kusali pamoja, wakitoka wanakaa barazani wanakunywa kahawa mpaka Isha, asubuhi nakuta jambo lishaamuliwa. Siwalaumu kwa sala, hasha. Lakini saa hizo mie nakimbilia daladala ya 502, na hata ningebaki, nikae vipi barazani na wanaume usiku? Miaka minne nimo lakini nnajihisi mgeni aliyekaribishwa ukumbini, ndani hajaingia.

Wiki iliyopita bosi kaniita, kanipa habari kwa furaha kabisa: wananifanya mkuu wa huduma kwa wateja. Mshahara kutoka laki nane mpaka milioni moja na laki na nusu. Programu naacha. Kanambia "utapumzika na haya mambo ya usiku, na wewe karibu utaolewa". Kasema kwa wema, nnamjua, lakini nimetoka mle miguu mizito.

Mama anasema pokea, na mie nnamsomesha mdogo wangu wa mwisho, laki tatu na nusu si kitu cha kuchezea. Jibu natakiwa nitoe Jumatatu. Nifanye nini?

Mchukuzi_wa_Malindi

Pokea dada. Watu wanatafuta kazi miaka, wewe unaletewa cheo mezani. Programu utaandika nyumbani kwako.

Mama_Kiembesamaki

Mwanangu, mie nimestaafu, nimefanya kazi benki miaka 31, nikwambie lililonikuta. Nlikuwa mahesabu, na nlikuwa mzuri, wakubwa walikuwa wanakuja kuniuliza mie kabla ya kufunga vitabu. Wakanipandisha, wakanipa kusimamia kaunta kwa sababu nna subira na wateja, na pesa iliongezeka kweli, nikanunua na cherehani. Zilipoingia kompyuta wakapelekwa mafunzo Dar watu wa mahesabu. Sie wa kaunta tukaambiwa zamu yetu itakuja. Haikuja mpaka nastaafu. Wale niliokuwa nikiwasahihishia wakawa mameneja wa matawi. Sikwambii usipokee, kila mtu na haja zake na mama yako ana haki ya kuiona hiyo pesa, ila ujue kuwa mlango huo ukiutoka kurudi ni shida, na hususan kazi kama yenu ambayo kila mwaka ina mapya. Ukikaa miaka miwili hushiki programu, ukirudi utakuwa mwanafunzi wa hao uliowafunza.

Na hilo la "karibu utaolewa" usilikasirikie lakini usilipite kimya. Mume akija atakukuta na kazi yako.

Kijana_wa_Jangombe

Hiyo inaitwa imposta sindromu dada, tatizo liko kwenye akili yako tu, jiamini, ongea kwa nguvu kwenye mitingi utaona watakavyobadilika

Ticha_wa_Kompyuta

Kaka Jangombe hapa umekosea, na nasema kwa heshima. Hilo jina limetokana na Pauline Clance na Suzanne Imes, Marekani, mwaka 1978, waliandika kuhusu wanawake waliofaulu ambao ndani ya nafsi wanaona hawastahiki, eti ipo siku watagundulika hawajui kitu. Msome tena huyu bibie. Kuna mahali kasema hajui kazi? Anaijua kazi yake vizuri sana. Anachosema ni kuwa kazi yake haihesabiwi, na dawa ya hilo haiwezi kuwa kujiamini, maana kujiamini anako.

Programa wa Wete, hicho chakula cha usiku kimenikumbusha kitu nnachowasomesha wanafunzi wangu kila mwaka. Kompyuta ile ya ENIAC, katika zile za mwanzo kabisa, chuo kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, ilipooneshwa kwa watu Februari 1946, walioipanga ifanye mahesabu walikuwa wanawake 6. Wawili kati yao, Betty Snyder na Jean Jennings, ndio waliolitayarisha lile zoezi la kukokotoa njia ya kombora ambalo liliwashangaza wageni wote. Usiku ikafanywa karamu ya kusherehekea. Wale wanawake hawakualikwa, wakarudi makwao kwa baridi ile ya Februari. Ilichukua miaka mingi sana mpaka watu kuanza kuyauliza majina yao. Wasichana darasani nikiwahadithia hii huwa wananyamaza, halafu mmoja ananyanyua mkono anauliza "kwani wenyewe hawakusema?" Na mie hilo ndilo nnalotaka kukuuliza wewe. Umeshawahi kumwambia bosi wako kwa mdomo wako mwenyewe kuwa lile la Nungwi ulilitatua wewe? Sikulaumu, nnauliza tu.

Programa_wa_Wete

Hapana ticha. Sikuwahi. Nlidhani anajua.

Laini_ya_Mwanakwerekwe

Dada mie ni tim lida kampuni nyengine, mwanamme, na uzi huu nimeusoma mara mbili kwa sababu nimejiona humo. Tulikuwa na msichana mmoja timu yetu, hodari, kila kitu kikikwama tunampa yeye, wapya tunampa yeye, na nlipoulizwa na mkubwa nani afuate kupanda nikamtaja kijana mwengine. Wallahi sikuwa na nia mbaya. Yule kijana nlikuwa nnakaa nae jioni, ananambia mipango yake, nnamjua anataka kwenda wapi. Yule msichana nlikuwa najua kazi zake tu, yeye mwenyewe simjui. Akaondoka, na mfumo ulipoanguka ndipo nikafahamu tulikuwa tumesimama juu ya mgongo wa nani. Mpaka leo nnaona haya.

Sasa nikupe la kufanya. Kila mabadiliko uliyoyatia kwenye programu yameandikwa jina lako, tarehe na saa, hayo hayafutiki kirahisi na hayana upendeleo. Yatoe ya miaka minne. Usimpelekee bosi orodha ya mia tano, hatosoma. Chagua mambo matano makubwa, kila moja sentensi mbili: kitu gani kiliharibika, ulifanya nini, kampuni ilinusurika na nini. La Nungwi liwe la mwanzo. Chini yake andika uliowafunza na leo wako wapi. Ukurasa mmoja tu, uchape, umuwekee mezani. Kisha muulize: mtu akitaka kuwa programa mkuu hapa anatakiwa awe na nini? Akikwambia, mwambie aandike. Akishindwa kukwambia basi umejua kuwa kipimo hakipo, watu wanapandishwa kwa kuzoeana.

Mchukuzi_wa_Malindi

Na akikataa? Kapoteza cheo na laki tatu na nusu juu yake

Laini_ya_Mwanakwerekwe

Hapotezi. Hajamwambia anakataa, kamuuliza suala.

Haki_Kazini

Nitie langu dogo la kisheria. Watu wengi wanasambaza WhatsApp ile Sheria ya Ajira namba 6 ya 2004, ile ni ya Bara, huku kwetu haitumiki. Ya Zanzibar ni Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005, nayo inakataza ubaguzi kazini, na mambo yakiwa mabaya Kamisheni ya Kazi wanapokea migogoro. Lakini kwa ulivyoeleza sikushauri uanzie huko, bosi wako anaonekana mtu wa kuzungumzika. Nnalokusisitiza ni moja: ukipokea cheo, ukikataa, ukipewa kitu cha katikati, yote yawe kwenye barua. Kazi gani, mshahara gani, kuanzia lini, na nani anakusimamia. Ya mdomo siku ya ugomvi hayaonekani.

Shoga_wa_Chake

Shoga yangu wa Wete, mie niko hapa Chake nafanya kazi ya programu kwa watu wa nje, kwa intaneti, nimeajiriwa kwa mtihani walionipa, sura yangu wameiona baadae. Pesa nzuri. Nakwambia haya kwa sababu atakuja mtu hapa akwambie acha hao utafute kazi ya mbali. Inawezekana, lakini na huku kuna upweke wake, naweza kumaliza wiki nzima sijazungumza na mtu kuhusu kazi yangu, na umeme ukikatika hakuna wa kukufahamu. Kwa hivyo usikimbie ukidhani huko kwengine utapokelewa kwa ngoma.

La baraza ndilo limenigusa. Usiombe ukaribishwe barazani, hata wakikukaribisha hutokaa ukastarehe na maneno ya watu unayajua. Omba kikao kihame. Kiwe saa tatu asubuhi kila mtu yupo na akili yake timamu, na jambo lolote likizungumzwa jioni lisiwe limeamuliwa mpaka liandikwe kwenye grupu la kazi na watu wajibu. Wao kahawa yao waendelee nayo. Na muhtasari uwe kwa zamu, majina kwa alfabeti, hapo hakuna wa kusema unamlenga.

Halafu nambie kweli, bila ya mama, bila ya bosi. Wewe unataka nini?

Programa_wa_Wete

Nimekaa na suala lako tangu jana. Nataka kuandika programu. Nataka siku moja mfumo mzima wa malipo uwe mikononi mwangu niupange upya kwa sababu ulivyo sasa utakuja kutuaibisha. Kuwapokea wateja najua lakini nikitoka kwenye simu zao nakuwa nimechoka, nikitoka kwenye programu saa nane usiku nakuwa nna njaa tu. Sikuwahi kuliandika hili popote.

Mama_Kiembesamaki

Basi mwambie hivyo hivyo kama ulivyotwambia sie. Pale Kinyasini kuna chuo cha Barefoot kinawafundisha kinamama wa vijijini kuunda na kutengeneza sola, wengine skuli hawakuiona, na wanakwenda kuwasha taa vijijini kwao. Itakuwa wewe uliyesoma uambiwe upumzike.

Programa_wa_Wete

Nimerudi, leo Jumatano. Jumatatu nimeingia na karatasi yangu. Mkono ulikuwa unatetemeka nikauweka chini ya meza. Bosi kasoma kimya, alipofika la Nungwi kanyanyua macho akasema "hii ulifanya wewe?" Nikamwambia ndio, mpaka saa nane usiku. Kanyamaza muda mrefu. Halafu akasema yeye aliambiwa ni kazi ya fulani. Sikumuuliza na nani.

Nimemwambia cheo cha huduma kwa wateja nashukuru lakini sitaki kuacha programu, nikamuuliza kipimo cha programa mkuu ni kipi. Kakiri kuwa hakipo. Tulipofika: nipewe mfumo wa malipo niuongoze kwa miezi mitatu na kijana mmoja chini yangu, mshahara laki tisa na nusu kwa sasa, ukimalizika muda tukae tena. Si milioni na laki na nusu. Kikao kimehamia saa tatu asubuhi, hilo kalikubali papo hapo, kumbe na yeye mkewe alikuwa analalamika anachelewa nyumbani. Zamu ya muhtasari kasema "tutaona", na leo nimeandika mie tena.

Mama nimempigia. Kauliza imeongezeka ngapi, nikamwambia, kanyamaza, akasema haya, na huko usiku usiku unakula kweli?

Haki_Kazini

Barua umepewa?

Programa_wa_Wete

Bado. Kasema Alkhamis.

Haki_Kazini

Leo kabla hujatoka mtumie imeili fupi, umshukuru kwa mazungumzo ya Jumatatu na uyataje mliyokubaliana yote manne: mfumo wa malipo, miezi mitatu, kijana mmoja, laki tisa na nusu. Akijibu tu "sawa" tayari una maandishi hata barua ikichelewa.

Shoga_wa_Chake

Na zamu ya muhtasari iandike humo humo kwenye hiyo imeili, iwe la tano.

Programa_wa_Wete

Nimeshaituma. Yote matano.