Naomba ushauri: niache kazi nyepesi ya Morogoro nifuate maslahi Dar?

Habari zenu wakuu. Nina miaka 34, mke na watoto wawili. Ni mtunza stoo wa shule moja binafsi hapa Morogoro. Asubuhi natoa chaki, unga na maharage, najaza leja, mchana nimemaliza. Saa 9:30 alasiri niko nyumbani. Mshahara ni 450,000, na kuku wa mayai 120 wanaziba mapengo.

Sasa nimepata nafasi kwenye ghala la kampuni Dar, 950,000. Kutoka ni saa 2 usiku, Jumamosi pia. Nilipouliza malipo ya muda wa ziada nikajibiwa, "Utazoea." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Jibu lile limenikaa rohoni.

Kaka yangu anasema kazi yangu ni ya mstaafu. Inaniuma, maana sikai bure. Binti yangu wa darasa la tatu alikuwa hajui kugawanya. Siku hizi kila jioni namkuta kibarazani na daftari lake, penseli ameshaichonga. Nikihamia Dar nitamwona mara moja kwa mwezi.

Mke wangu ananiachia niamue. Mliowahi kuacha familia mkafuata mshahara, mlijipangaje? Na nikidai saa za kazi ziandikwe kwenye mkataba kabla sijasaini, nitaonekana mkorofi? Wanataka jibu Ijumaa.