Ati "mama, kama una haraka si ungepanda ndege?" Hawa watu wa treni ya Kigoma wamenifika hapa!

Bibi Mzaa Mama: Wakuu, nimeshuka Kigoma sasa hivi. Hata mizigo sijafungua, miguu imevimba kama mihogo ya msimu. Simtaji mtu wala ofisi. Mnawajua. Aliyewahi kulala ameketi kwenye behewa la daraja la tatu anawajua.

Dar tumetoka vizuri. Kilosa tukaenda mdogomdogo bondeni mwa Mkondoa, sikusema neno, maana mto ule ukifurika unabeba tuta na reli yake. Saranda nikanunua kuku. Tumeipita Itigi, treni ikasimama. Porini. Saa nane usiku. Hakuna taa, hakuna tangazo, maji chooni hayapo. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Mbu wa pale wametunyonya mpaka wametujua kwa majina, na yule kuku wa Saranda nusura afufuke arudi kwao kwa miguu.

Kumekucha, anapita jamaa wa sare, kikombe cha chai mkononi. Nikamuuliza kwa adabu zote: "Samahani baba, kuna tatizo gani?" Hata hakusimama. "Mama, kama una haraka si ungepanda ndege?"

Ndege! Mimi nina mabeseni mawili, binti yangu kajifungua, naenda kumwangalia uzazi. Nimekaa saa tano porini nimenyamaza, nauliza swali moja, naambiwa ndege. Na chai anakunywa!

Mjerumani alianza kuijenga reli hii Dar mwaka 1905, mwaka 1914 ikafika Kigoma, kilomita zaidi ya 1,200. Mawe yale wameyabeba babu zetu. Leo mjukuu wao akiuliza treni imesimamia nini, anaambiwa apande ndege. Nauli nimelipa, sikuomba lifti! Tabora nako tumeganda nusu siku, hayo nasamehe. Neno lile silisamehe.

Mwana wa Gungu: Pole sana mama. Wa kikombe huyo namjua! Mdogo wangu alimuuliza maji ya kunywa yako wapi, akajibiwa Ziwa Tanganyika liko mbele, avumilie.

Fundi Redio: Sasa mama, na ndege kweli hukupanda kwa nini? Mbona jamaa kauliza swali zuri tu.

Bibi Mzaa Mama: Wewe kijana umelelewa na nani? Sikuuliza habari za ndege. Nimeuliza treni imesimama kwa nini, mpaka nashuka sijajibiwa. Na CHAI anakunywa!

Fundi Redio: Kumbe kinachouma ni chai. Ungesema mapema mama akumiminie.

Mgogo Halisi: Mimi Dodoma napanda treni ya umeme tangu 2024. Natoka Dar, kwa mwendo wa saa tatu na ushee nimeshafika, nguo hazina hata kunyanzi. Vumilieni, mtafikiwa.

Mwana wa Gungu: Usituringie hapa! Ukishuka Dodoma sisi ndiyo kwanza safari inaanza.

Katavi Moja: Nyie wa Kigoma mnadeka. Sisi wa Mpanda tukifika Tabora tunashuka kusubiri treni nyingine. Nimelala pale stesheni juu ya gunia la mchele wa watu, asubuhi mwenye mchele ananidai pango.

Msafiri wa Sumbawanga: Bora treni inakusubiri. Konda wa basi katupa dakika tano za kuchimba dawa, kurudi barabarani nakuta vumbi tu. Begi langu limefika Sumbawanga kabla yangu, limepokewa na shemeji.

Katavi Moja: Basi lipi hilo? La rangi ya bluu?

Msafiri wa Sumbawanga: Lilelile! Na nyimbo zao za kupasua masikio usiku kucha.

Mgogo Halisi: Hivi kuku wa Saranda siku hizi shilingi ngapi?

Mwana wa Gungu: Wa mwisho niliyemla mimi alikuwa jogoo aliyeshuhudia uhuru. Nimemtafuna mpaka Urambo.

Mgogo Halisi: Uliuziwa na wapitanjia. Nunua kwa kina mama wa pale pale stesheni, wanakaanga asubuhi.

Fundi Redio: Mama, tuyaache hayo. Ukirudi Dar niletee mawese lita tano, nalipa kabla.

Msafiri wa Sumbawanga: Na mimi samaki, migebuka, waliokaushwa vizuri.

Bibi Mzaa Mama: Mawese nitaleta, hata kwako wewe usiye na adabu. Mtoto ni wa kike, mzima kabisa. Lakini jamani, chai mkononi, hata kusimama hakusimama!

Katavi Moja: Hongera bibi. Mimi nibebee dagaa. Wa Kigoma, nisije nikaletewa wa Mwanza.