Gari la miaka mitatu limenigomea kwenye baridi, la 1967 limenipeleka kazini. Nina hasira, acheni nilalamike

Wakuu, nimevumilia wiki mbili, leo nayatoa yote. Asiyependa malalamiko apite, nyuzi za mpira zipo tele humu.

Niko Michigan mwaka wa 14 sasa, napiga shifti ya usiku kwenye ghala. Nina magari mawili. Moja ni la kisasa, nililichukua jipya kwa mkopo na mkopo wenyewe bado unanitafuna. Kampuni siitaji, msinibane. La pili ni Dodge Dart la 1967, milango minne, silinda sita, rangi ya chai ya maziwa. Nililinunua dola 4,200 kwa mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi Dodge Main pale Hamtramck, kiwanda kilichofungwa 1980. Alinikabidhi ufunguo kama mtu anayeoza binti.

Sheria yangu kwa Dart ni moja tu. Chumvi ikishamwagwa barabarani, gari linaingia gereji, linafunikwa, halitoki mpaka mvua za Aprili zioshe lami. Kwa msiojua, huku baridi ikianza barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Na haitoki mbali: chini ya Detroit penyewe kuna mgodi wa chumvi, zaidi ya mita 300 ardhini. Yaani mji uliofundisha dunia kutengeneza magari umekalia kitu kinachoyala. Maji ya chumvi yakiingia kwenye mikunjo ya bati la zamani, yanakaa. Kutu inaanzia ndani. Siku unayoiona nje, ndani limebaki jina. Sakafu ya Dart upande wa dereva niliikata na kuichomelea mwenyewe, kiangazi mbili mfululizo, nimelala chali, cheche zinaniingia kwenye kola. Nawaeleza haya ili mjue nilichofanyiwa.

Jumatatu ile ilikuwa nyuzi 17 chini ya sifuri. Nilitoka saa tatu usiku niwahi shifti ya saa nne. Nikawasha gari jipya, injini ikaitika vizuri tu. Skrini nyeusi. Nikasubiri, nyeusi. Nikazima, nikawasha, nikashuka, nikafunga milango, nikafungua. Nyeusi.

Mtasema skrini kitu gani, si ya muziki na ramani? Hapana. Kwenye gari hili kila kitu kimo mle: joto, feni, hewa ya kuyeyusha barafu kwenye kioo cha mbele, joto la viti. Hakuna kitufe cha kubonyeza, hakuna kitu cha kuzungusha. Injini ina moto wa kuivisha sufuria ya maharage, na mimi mwenye gari sina njia ya kuufikisha moto huo kwenye kioo. Nikakwangua barafu nje, huku pumzi yangu inaganda upya kwa ndani. Nikasogea mita 20, sioni hata taa za jirani. Nikarudi.

Nikafungua gereji, nikavua lile turubai.

Dart halina siri. Unakanyaga mafuta mara mbili choki ya kuwashia kwenye baridi ikae, unapiga stata. Wanaozijua stata za Chrysler, kampuni mama ya Dodge, za enzi ile wanaujua mlio wake, kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Mara ya kwanza likakataa, ya pili likakohoa, ya tatu likashika. Nikaliacha dakika tano, nikasogeza leva ya hita. Leva ina waya wa chuma, waya unavuta kilango, basi. Hewa ya moto ikaja na harufu yake ya vumbi. Nikatoka nalo kwenye chumvi. Nilijisikia kama mtu aliyemtuma bibi yake sokoni peku kwenye mvua.

Tangu siku hiyo nimeliosha uvunguni mara tisa. Nimezihesabu.

Sasa sikieni ya wakala. Gari jipya nililipeleka mchana, vioo vya pembeni nimevishusha ili pumzi isigande, kichwani kofia mbili, mikono imekufa ganzi kwenye usukani. Kijana wa kaunta, mpole, sina ugomvi naye, akachomeka kompyuta yake. Kuchomeka peke yake dola 180. Majibu: kiboksi kilicho nyuma ya skrini kimekufa. Kipya dola 2,140, bado hela ya kazi. Waranti iliisha miezi minne iliyopita. Na kiboksi chenyewe hakipo, kinaagizwa, labda wiki tano.

Nikamwambia, ndugu yangu, nimeona cha mtumba, kimetolewa kwenye gari lililogongwa, dola 250. Akatikisa kichwa. Eti kiboksi kimefungwa kwa nambari ya chasisi ya gari kilikotoka. Ukikihamishia kwenye lako kinajiona kimeibwa, kinakataa kuamka. Mwenye uwezo wa kukifungua ni kampuni peke yake, na kampuni haifungui mtumba.

Hapo ndipo nilipopandwa na jini. Mimi nimekulia Tanga. Mzee wangu alikuwa na pikapu ya Peugeot 504. Tangi likivuja, kipande cha sabuni ya mche kinasuguliwa kwenye ufa, safari inaendelea. Peugeot iliyokufa Muheza inafufua Peugeot ya Korogwe, na hakuna mtu Ufaransa anayeombwa ruhusa.

Kabla hamjaniita mzee wa zamani, nianze na wenzangu wa magari ya zamani, maana nao wananiudhi. Wapo wanaojipigia kifua kwamba chuma cha kale ni chuma, ukigongana unashuka unajikung'uta. Uongo mtupu. Mwaka 2009 taasisi ya IIHS, ile ya kampuni za bima za Marekani, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso upande wa dereva. Bel Air ilikunjika kama boksi la maziwa, usukani ukamfuata mwanasesere wa majaribio kitini. Wa Malibu angeumia mguu. Dart langu lina breki za drum (za ngoma, za kizamani) magurudumu yote manne, na mkanda ni wa kiunoni tu. Kwenye mvua naacha nafasi ya kupita lori mbili. Mafuta linakunywa, kilomita 7 kwa lita nikiendesha kwa adabu. Kwa hiyo msiniletee habari za peponi.

Wala siabudu kila kilichotoka Marekani. Wazee wa Safari Rally wanakumbuka 1964: Ford walileta Mercury Comet, midude mikubwa ya V8, kwa mbwembwe zote. Nyingi ziliishia njiani. Mshindi akawa Peter Hughes, mtu wa Kenya, na Ford Cortina, kigari cha kampuni ileile kutoka Uingereza. Tope halijali matangazo.

Na kompyuta sizichukii. Injeksheni, ile ya kompyuta kuipimia injini mafuta, imezidi kabureta ya zamani kwa kila kitu, hasa asubuhi yenye baridi. ABS inayozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, mifuko ya hewa, wahandisi asanteni. Magari ya miaka ya 90 nayapenda bila aibu. Kuanzia modeli za 1996 serikali ya Marekani ilizilazimisha kampuni zote kuweka soketi ya aina moja ya kusomea hitilafu, OBD-II. Kifaa cha dola 20 kinakwambia sensa ipi imekufa, unaifuata dukani, unaifunga mwenyewe Jumamosi. Kompyuta ilikuwemo, ila ilikuwa inamjibu mwenye gari. Siku hizi inamjibu aliyeliuza, wewe unaulizwa nenosiri.

Mnadhani natia chumvi? (Samahani kwa neno hilo.) Mwaka 2022 BMW waliweka joto la viti kwa malipo ya kila mwezi katika baadhi ya nchi, kama dola 18. Waya wa kupasha kiti umo tayari, umeununua pamoja na gari, umeukalia, lakini hauwaki mpaka ulipe. Kelele zilipozidi, mwaka uliofuata wakaachana na mpango huo. Massachusetts wananchi walipiga kura 2020, karibu robo tatu wakasema data za matengenezo zinazotumwa hewani na gari ziwe wazi kwa mwenye gari na fundi anayemtaka. Kampuni za magari zikakimbilia mahakamani mwezi huohuo. Gari nimelipia mimi, data ni za gari langu, na aliyeshtakiwa ni serikali ya jimbo iliyotaka nizione!

Njooni mwone chini ya boneti ya Dart. Injini ni ya inchi za ujazo 225, kama lita 3.7, imelazwa upande nyuzi 30. Chrysler waliilaza hivyo tangu magari ya 1960 ili boneti ishuke chini na manifoldi (mabomba ya hewa na moshi) ipate nafasi ya kunyooka. Matokeo yake plagi ziko upande mmoja, kabureta na manifoldi upande mwingine, na katikati unaiona ardhi. Unaweza kudondosha spana ikapita moja kwa moja hadi sakafuni, ukaiokota. Kwenye gari langu jipya spana ikidondoka haionekani tena, kuna plastiki juu ya plastiki. Tapeti (nafasi za vavu) naziseti injini ikiwa ya moto, inchi 0.010 kwa vavu za kuingiza, 0.020 kwa za kutolea moshi, na ukisikiliza vizuri unasikia ile iliyolegea kabla hujaipima. Distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi, ndiyo mateso: imejificha chini ya mlalo, ngozi ya mkono lazima ibaki. Na kwenye droo ya dashibodi nina ballast resistor ya akiba, kipande cha kauri kisichozidi kidole kinachopunguza umeme unaokwenda kwenye koili ya plagi, maana kikifa gari linawaka ukiwa umeshika stata, ukiachia linazima. Kukibadilisha ni bisibisi moja na dakika tano, hata kando ya barabara na tochi mdomoni.

Linao ujinga wake pia. Nati za magurudumu ya kushoto zinafunguka kinyume, ndivyo Chrysler walivyoamini wakati ule kwamba hazitajilegeza. Kijana wa jirani alikuja kunisaidia kutoa tairi, akaning'inia kwenye spana kwa nguvu zake zote, kumbe anakaza. Tulikata nati mbili. Lakini mnaona? Ujinga wenyewe ukishaelezwa mara moja unauelewa maisha yako yote.

Halafu hizi kampuni hazioni haya kutembelea majina ya marehemu. Mustang ya Ford ilizinduliwa Aprili 1964, bei ya kuanzia dola 2,368, gari la kijana aliyeanza kazi. Leo jina hilohilo limebandikwa kwenye Mach-E, gari la umeme la milango minne la kubebea watoto na mboga. Gari lenyewe si baya, nimeliendesha. Basi lipeni jina lake! Dodge Charger mpya ya umeme imefungiwa mtambo wa kutoa mngurumo wa bandia, kama mtu aliyenyoa ndevu akachora nyingine kwa wino. Rangi nazo ni kijivu, nyeupe, nyeusi, na kijivu nyingine. Pita kwenye maegesho ya duka lolote huku, utafikiri ni msiba wa serikali.

Kuna atakayeniambia niuze la kisasa nibaki na Dart. Mkuu, nina watoto wawili, na siwaweki watoto kwenye mikanda ya kiunoni na breki za drum barabarani na malori ya leo. Nahitaji gari jipya. Nataka gari jipya lenye swichi tatu: joto, feni, kioo. Hata Ulaya wale wapimaji wa usalama wa magari, Euro NCAP, wamesema kuanzia 2026 gari lisilo na swichi halisi za vitu muhimu kama honi, indiketa na waipa litapunguziwa alama. Joto la kioo hawakuliorodhesha. Nadhani hawajawahi kukaa Michigan Januari.

Mafundi wa Kariakoo mnaofungua simu zilizofungwa na mitandao ya nje, nawauliza kwa dhati kabisa: kiboksi cha mtumba nikikituma na mtu anayekuja likizo, kuna anayeweza kukisahaulisha gari lake la kwanza? Njoo PM, pesa ipo.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Wakala kapiga simu. Kiboksi kimewahi, kimefika leo. Lakini hakijafungwa, kwa sababu lazima kwanza kiunganishwe na seva ya kampuni kipewe nambari ya gari langu, na seva iko kwenye matengenezo mpaka Jumatatu. Nimemuuliza mara mbili nipate hakika. Nimetoka nje kwenda kuwasha Dart. Nimepitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa mlango wa dereva, pale nilipochomelea, kimerudi na unga wa kahawia.